Eda na Chumba cha Treni ya Mchana

Mombasa,
24 Juni 2025

Dada yangu mpenzi Hindu,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, natumai u mzima, wewe na mwanao Rayyan na majirani wote wa Kyebando. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Usishtuke kuona barua. Sauti yangu imekwenda kabisa, dada. Lile koo nililolalamikia tangu Ramadhani limefunga, nikifungua mdomo hutoka upepo tu. Simu nitakupigia nikuambie nini? Na wewe na herufi ndogo za simu hampatani, utampa mtoto wa jirani akusomee, na siri zetu zienee mtaa mzima. Basi nimempa dereva wa basi la Kampala akubebee hii, Rayyan aifuate stendi. Daktari amekata kinyama kidogo kooni akapime. Tunangoja majibu.

Sikuweza kuja kumzika shemeji yangu Yasiin, na hilo linaniuma. Kwa hiyo nakuomba uje wewe. Najua umo edani na umebakisha zaidi ya miezi miwili. Lakini sikia. Fahim wangu atakupokea Nairobi, na ameshakata tiketi mbili za treni ya mchana. Kumbe wana vyumba vya faragha, vichache, mlango unafungwa kwa ndani na dirisha lina pazia. Ukiongeza kidogo wanakutoa kwenye kiti cha kawaida wanakuweka humo. Utakaa na Fahim, ambaye ni mwanao, na hakuna mwanamume mwingine atakayekuona mpaka Mombasa. Eda yako utasafiri nayo.

Na ukitaka kulia njiani, utalia. Nakujua mimi. Siku aliyokufa Mama ulijifungia stoo ya duka la Kasubi, katikati ya magunia ya sukari, ukatoka uso mkavu ukaanza kuwagawia watu chai.

Nifikirie.

Mdogo wako,
Umulkheir


Kyebando, Kampala,
3 Julai 2025

Mdogo wangu Umulkheir,

Waaleikum salaam. Nimeipokea barua yako na nimeibusu kabla ya kuifungua. Sisi huku tuko salama. Hali yangu mimi ni ya mtu aliyekaa ndani siku sitini na mbili. Nguo nyeupe, wanja hakuna, manukato hakuna, hata sabuni Rayyan ananitafutia ile isiyo na harufu. Usiku nalala upande wangu wa kitanda. Upande wa Yasiin siwezi kuusogelea.

Hicho chumba cha treni kimeniingia kichwani na hakitoki. Rayyan yuko tayari kunifikisha Nairobi kwa gari lake, kisha arudi dukani. Kilichobaki ni hiyo treni. Nimemuuliza mara tatu kama pazia lake ni zito au jepesi, maskini, naye hajawahi kuipanda.

Tatizo ni wifi yangu Maimunah. Tangu mazishi ya kaka yake amehamia hapa, na masikio yake unayajua. Alimsikia Rayyan akitaja safari, akaanza: "Banange! Kaka yangu kaburi bado bichi, yeye anapanda treni? Tena chumba ya peke yake! Hiyo ni eda ama ni hoteli?" Namwogopa, wacha niseme kweli. Atalipeleka neno hilo mtaa mzima wa Kasubi, kwamba Hindu alishindwa kumkalia mumewe.

Nitamuuliza Mwalimu Bashir, yule aliyemsalia marehemu. Akinipa ruhusa, Maimunah atanyamaza. Daktari amesema nini?

Dada yako,
Hindu


Mombasa,
12 Julai 2025

Dada yangu,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo. Sisi hatujambo, na chakula kinapita.

Pazia ni zito. Nilimtuma Fahim akaulize, na wale vijana wa tiketi wamemcheka mpaka wakaitana. Wamesema watatuwekea chumba hadi mwisho wa mwezi, na tarehe inaweza kusogezwa. Daktari ana maneno mengi. Nitakueleza ukija.

Msalimie Maimunah. Mwambie hotelini hawakai na mpwa wao mwenye kukoroma.

Mdogo wako,
Umulkheir


Kyebando, Kampala,
21 Julai 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Sisi wazima. Haya, nikupe habari.

Mwalimu Bashir alikuja jana baada ya alasiri. Alikaa barazani, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia la mlango. Nilimweleza yote: treni, chumba, mlango wa kufunga. Alisikiliza vizuri. Akasema uzuri wa chumba si hoja, mwenye eda mahali pake ni nyumbani kwake. Lakini ndugu akiwa katika hali ya kufa na kupona, hilo ni jambo jingine. "Sasa nyabo," akaniuliza, "huyo mdogo wako, ugonjwa umefika wapi?"

Umu, hilo hukuwa umeniambia. Nikampa Rayyan barua zako ampelekee. Akazisoma kwa sauti. "Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu." Akashika ya pili: "Sisi hatujambo, na chakula kinapita." Akazikunja. "Huyu anapona," akasema. "Maliza siku zako, kisha uende kwa raha." Maimunah alikuwa jikoni, nikamsikia akiitikia kwa kuridhika: "Kale!"

Alipokuwa akivaa viatu, Mwalimu akageuka akaongeza: "Lakini akiandika kwamba hali ni mbaya, usiningoje mimi. Nenda."

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Hatujambo yako iweke kando. Sisi tumelelewa kusema hatujambo hata nyumba ikiungua, mimi mwenyewe nakuandikia "sisi wazima" na sijala tangu asubuhi. Niambie kweli ugonjwa umefika wapi. Ukiona maneno ni mengi, andika "njoo" tu. Nitamwambia Fahim alipie chumba, na Maimunah aseme anavyotaka.

Dada yako,
Hindu


Mombasa,
2 Agosti 2025

Dada yangu Hindu,

Waaleikum salaam. Mimi sijambo.

Maliza eda yako. Shemeji alikutendea wema miaka thelathini na minne, mkalie siku zake zote, asitokee mtu wa kukusema. Chumba si lazima tena. Ukitoka utakaa kiti cha kawaida, dirishani, uwatazame ndovu na watu wakutazame wewe. Umefichwa vya kutosha.

Usinihesabie siku. Hesabu zako.

Mdogo wako,
Umulkheir


Kyebando, Kampala,
11 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Leo hata mimi sijambo, na nasema kweli. Barua yako imenishusha mzigo. Nimeiweka chini ya mto.

Basi tumekubaliana, kiti cha kawaida, dirishani. Nimebakisha siku ishirini na saba. Nitakuletea ndizi zetu, bogoya na gonja, na ile kahawa ya kutafuna uliyokuwa ukimwibia Baba. Nikwambie siri, nilifurahi pia kwa sababu sitagombana na Maimunah. Usinicheke.

Lakini mwandiko wako umekuwa mzuri tangu lini? Wewe uliyekuwa ukichapwa shule kwa kuandika kama kuku! Huyo daktari wa koo ametibu na mkono?

Nijibu upesi.

Dada yako,
Hindu


Ndani ya treni,
11 Septemba 2025

Umulkheir,

Leo sikuulizi hali, na yangu usiniulize.

Ijumaa ile, tarehe ishirini na tisa Agosti, Fahim alipopiga simu nilidhani anataka kujua siku ya safari. Nilikuwa nimebakisha siku tisa. Walikuwa wanakuzika alasiri hiyo hiyo, na hata ningeruka nisingefika. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Maimunah akaja akakaa karibu yangu, akanishika goti, akasema: "Lakini kwa nini hukuenda? Mgonjwa si wanamwendea?" Sikuwa na nguvu hata ya kumchukia.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilitoka eda. Nikaoga, nikavaa nguo ya rangi, na jana Rayyan akanileta Nairobi. Fahim amenieleza yote stesheni. Majibu ya daktari yalikuja kabla hujaniandikia kwamba chakula kinapita, na kilichokuwa kikipita ni maji, kwa kijiko. Ile barua ya tarehe mbili aliiandika yeye ukimnong'onea, mkono wako ulikuwa hauwezi tena barua nzima. Amesema alikusomea swali langu, akakuomba aandike "njoo", akaandika kabisa. Ukamnyang'anya karatasi ukaichana. Kisha ukamwapisha asiniambie.

Nimekukasirikia, Umu. Nimekukasirikia sana. Nani alikutuma unilinde na maneno ya watu? Ningesemwa, ningesemwa mwaka mzima, ingekuwa nini?

Halafu najikasirikia mimi. Mwandiko ule niliuona. Niliuona, nikafanya mzaha, kwa sababu sijambo yako ilinifaa. Ilinipa ruhusa ya kukaa nilipokaa.

Leo asubuhi nilikuwa naelekea behewa la watu wote, kutafuta kiti changu cha dirishani kama tulivyokubaliana. Fahim akanishika mkono. "Siyo huko, Mama Mkubwa." Akanileta hapa, akafungua mlango. Nikamwambia eda yangu imekwisha, chumba cha nini tena, mama yako mwenyewe alisema si lazima. Akatoa kikaratasi mfukoni. Huo haukuwa mwandiko wake. Herufi zimelala, zimepandana, mwandiko wa kuku:

"Fahim, chumba usirudishe. Sogeza tarehe mpaka atoke eda. Atakuja akiwa na kilio, na dada yangu hapendi kuonwa akilia. Mwache peke yake."

Hakuingia. Amekwenda kukaa kwenye kile kiti changu.

Bogoya nimezileta, zimeanza kuiva, zinanukia chumba kizima. Kahawa ya Baba nimeifunga kwenye leso. Nitaviweka kwako kaburini halafu nitamgawia Fahim.

Pazia ni zito. Hapo hukunidanganya. Nimelivuta, nimefunga mlango kwa ndani, na sasa naweka kalamu chini.

Dada yako,
Hindu