Ngoma Iliyobaki Ikilia Peke Yake

Al Garhoud,
Dubai.
23 Novemba 2025

Mpendwa Senje Marietha,

Bwana asifiwe, Senje, shangazi yangu. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilikufaa, au umempaka ng'ombe? Mimi ni mzima. Joto limepungua, na hapa hotelini wageni wamejaa, tunatandika vitanda mpaka migongo inalia.

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa na kazi moja ya kumaliza. Sasa khalas, imekwisha, na wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Unamkumbuka Jurema, yule mama wa Kibrazili anayetufundisha ngoma za kwao kila Jumapili? Mimi alinipa surdo, ngoma kubwa kuliko zote, pipa hasa. Huwa mbili: moja inapiga, ya pili inaijibu, na wengine wote wanazifuata. Kuna na repiniki, ngoma ndogo yenye sauti kali. Hiyo anaipiga Jurema mwenyewe, nayo ndiyo inayotoa amri: anzeni, geuzeni, nyamazeni. Siku ya kwanza nilipopiga surdo nililia, maana nilikukumbuka wewe.

Basi nani akaja kujiunga? Shem, mtoto wa Baba Mkubwa! Yeye ni askari wa lango kule Jumeirah Lakes Towers. Aliponiona nimekumbatia ngoma, akamvuta Jurema pembeni akamwambia eti kwetu mwanamke akipiga ngoma anawaletea watu wake kifo. Jurema, maskini, anaheshimu mila za watu. Akamkabidhi Shem surdo yangu, mimi akanipa njuga za kutikisa. Shem akacheka, "Hiyo ndiyo saizi yako."

Senje, niliona giza. Nilimwona baba yake siku ya mazishi ya Nyanya, alivyokupokonya isukuti, ngoma yetu, uliyokuwa ukimlilia nayo mama yako mzazi, akaipasua ngozi kwa panga mbele ya waombolezaji. Nilikuwa mdogo, lakini macho nilikuwa nayo.

Nikazitikisa njuga zangu. Aliye juu mngoje chini.

Tukaalikwa kupiga harusini, hapa hapa hotelini kwetu. Mazoezi ya mwisho Shem hakuja. Eti mtu aliyezaliwa kwenye isukuti hafundishwi na Wabrazili. Na siku hiyo ndiyo Jurema alibadilisha mwisho: repiniki ikitoa mlio wa haraka haraka, wote mnakata papo hapo. Akaniambia nimpe ndugu yangu habari. Nikamjibu, "Inshallah, madam." Aliyekaa Dubai anaijua hiyo inshallah. Shem nilikutana naye wiki nzima, na mdomo niliufunga.

Siku ikafika. Repiniki ikaamuru, ukumbi mzima ukawa kimya. Na Shem, macho amefumba, shingo anaitingisha, dum! dum! dum! peke yake mbele ya maharusi. Watu wakaangua kicheko, bwana arusi mwenyewe alishikilia meza. Shem alipofumbua macho alinitafuta mimi, akanikuta nimetulia, njuga zangu mapajani.

Alinifuata hadi jikoni. "Mbona hukuniambia?"

"Mila, Shem," nikamwambia. "Mwanamke atajuaje mambo ya ngoma?"

Jurema alinigombeza vikali, maana yeye pia nilimwaibisha. Alinibebesha ngoma zote hadi kwenye gari, nami nilizibeba nikiimba. Majuto sina, Senje, na usiniombee toba kwa hili. Ila nilimweleza Jurema habari ya lile panga. Akanirudishia surdo yangu.

Najua mzinga wa ile isukuti bado unao chini ya kitanda. Mpe mzee Justus aiwambe ngozi mpya. Desemba nakuja kwa ukumbusho wa Nyanya. Utapiga wewe, nami nitakujibu kwa ngoma yoyote nitakayoipata, hata kama ni debe la maji. Shem akiwa amekuja likizo, mpeni kayamba.

Msalimie Ivy na watoto wake, na mzee Justus. Mungu akuimarishe magoti, na mikono hasa. Baba Shem usimsalimie. Mwekee tu kiti cha mbele kabisa.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye na asiyesahau,
Peninah