Siku Yangu kwa Siku Yako

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Makuti yote mia tatu yametundikwa. Ukumbi wa Kilifi unanukia minazi. Dada Mwikali, msanii wetu kutoka Machakos, kafurahi hadi akanikumbatia. Ukutani kaandika kwa herufi kubwa: MWERIA. Neno nililompa mimi, mkalimani wake!

Jioni nyumbani Tezo, Mama akauliza: Hope, yule mgeni wako anakuja kulima lini? Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mungu wangu. Mwezi wa pili Mwikali alisema niwaambie wanawake wa Tezo wanaosuka makuti "tushirikiane". Nikatafuta neno tamu la kwetu, la Kigiriama. Lakini mweria ni siku yangu kwa siku yako — nikusukie makuti leo, unilimie kesho. Ndiyo maana walikataa pesa! Wanawake kumi na wawili, kila mmoja katoa siku. Siku kumi na mbili za jembe zinamngoja Mwikali, na hajui.

Jumatano, 30 Aprili

Nimejaribu. Nikamwambia wanawake wanakungoja shambani. Akasema vizuri sana, onyesho likiisha tutawatembelea, nitabeba kamera. Kamera! Nikageuza mazungumzo. Mwoga mimi. Ataniuliza kwa nini sikumweleza tangu mwanzo. Nitajibu nini?

Ijumaa, 2 Mei

Leo zamu ya kulimiwa ilikuwa ya Mama. Alfajiri keshapika, sufuria mbili. Hakuja hata mmoja. Kadii, kiongozi wao, kapiga simu: mgeni wenu arudishe siku zetu kwanza, ndipo nasi tuje.

Tumepalilia wawili tu. Hatukumaliza hata robo. Magugu yamepita mahindi. Miaka ishirini Mama hajakosa mweria ya mtu yeyote, na leo kaaibika kwa ajili yangu. Hanisemeshi. Nimelia mle mle shambani, jembe mkononi.

Jumamosi, 3 Mei

Niko stoo ya ukumbi. Nimejifungia.

Ufunguzi ulianza vizuri. Mara wakaingia — wote kumi na wawili, leso viunoni, majembe begani. Mama wa mwisho. Kadii akasoma karatasi ya ukutani kwa sauti: "Zawadi ya wanawake wa Tezo." Akarudia: zawadi? Akamkabidhi Mwikali jembe, akasema kwa Kigiriama: kesho alfajiri, tunaanzia kwa mamake Hope.

Watu wakapiga makofi! Wanadhani ni sehemu ya onyesho. Mwikali machozi yakamlenga, akaninong'oneza: "Hope, umepanga wewe? Ni nzuri ajabu! Wanasema nini?" Nikasema naleta maji.

Nachungulia kwenye ufa. Mwikali amelitundika jembe ukutani, chini ya neno langu. Simu zote juu, picha. Kadii kashika kiuno. Mama simwoni —

Anagonga. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu jana: toka, mwanangu, ukatafsiri.