Neno "Imetoka"

Jumatatu, 9 Juni 2014
Nimefagia kibanda, nimewasha kompyuta ninayotumia kuwaandikia watu barua pepe. Tangu niipeleke mjini Mbarara kuwekewa mfumo mpya inawaka haraka, ila maneno yote yamegeuka Kiingereza. Mimi nilisomea Kifaransa kule Uvira. Si neno. Mama Nabintu kaja kumjibu binti yake Neema, aliye Kanada. Kuna posa. Namba ya Neema haipatikani, na hatawapokea wakwe bila neno la mama. Mama kakubali, kabariki, kalia kidogo. Nikaandika, nikabonyeza. Barua ikaingia kisanduku kilichoandikwa Outbox. Out ni nje, basi iko nje. "Imetoka, mama." Akaniita mwalimu. Nilivimba kichwa.

Jumatano, 18 Juni
Barua zinaingia vizuri. Watu wanalalamika hawajibiwi. Nimewaambia jamaa zao huko wana kazi nyingi. Nimesema kama mjuzi.

Alhamisi, 19 Juni
Barua ya Neema. "Mama, kimya chako nimekielewa. Nimewaambia wasije."
Kwetu posa ikiletwa na mama akanyamaza, amekataa. Hakuna anayemuuliza mara ya pili.
Nimefungua Outbox. Barua za watu wote zimo. Ya Mama Nabintu imo. Hakuna hata moja iliyokwenda.
Jioni mama kapita kuuliza jibu. Nikasema bado. Mwongo mimi.

Ijumaa, 20 Juni
Mbarara, kompyuta mapajani. Fundi wa mtaa wa Ruharo, yuleyule aliyeweka mfumo, katazama na kucheka. "Ssebo, bwana, hii yote iko kwa laini tu, kwa foleni. Inangoja kwenda." Mfumo mpya unataka neno la siri hata wakati wa kutuma, ule wa zamani haukutaka. Akaweka alama ya tiki. Zikaanza kwenda, moja moja, nami nikitazama. Baraka ya mama nayo ikaenda, imechelewa. Nilitamani kujificha chini ya meza yake.

Jumamosi, 21 Juni
Nimemkuta Mama Nabintu akipalilia maharage. Nikamsomea barua ya Neema. Nikasema kosa ni langu, na kwamba juzi nilimdanganya. Nilitaka anitukane. Akaegemea jembe.
"Ulisema imetoka. Imetoka ikaenda fasi gani?"
 Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kazaliwa haraka.

Jumatatu, 23 Juni
Neema kajibu. Baraka kaipata. Atawauliza watu wa mchumba kama bado wanamtaka. Hajui watasema nini.
Mama Nabintu kaja kusikiliza. Leo hakuniita mwalimu, kaniita kwa jina. Kasema maneno machache ya kumwandikia Neema, nikaandika, nikabonyeza. Nikafungua Outbox. Tupu. Lile neno likanijia mdomoni, nikalimeza.
Mama hakuuliza. Akaketi kwenye benchi karibu na mlango, akakunja kitenge magotini. Nikavuta kiti karibu naye. Tukangoja jibu.