Hapo Ni Kwenu

Nyumbani kwa mama, mlimani
Jumapili mchana

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na wanangu, masomo yanakwendaje? Sisi huku tu wazima, kama hasira haihesabiki kuwa ugonjwa. Miguu inamsumbua mama, ila mdomo wake uko imara, tunamshukuru Mungu.

Salamu zimeisha. Sasa nina ugomvi na wewe.

Yule rafiki yako uliyesoma naye, daktari wa meno, alikuomba yeye na wenzake wapite na pikipiki zao kwenye shamba letu la juu. Ukamtumia ujumbe wa sauti. Nimeusikia mwenyewe, maana alinifungulia simu nikiwa na jembe mkononi: "Piteni tu bwana, hapo ni kwenu."

Uliona umesema neno la kiungwana, sivyo? Tumelelewa kumwambia mgeni hapo ni kwake, na mgeni mwenye akili anajua si kwake. Huyu hajui, au anajitia hajui. Amesimika nguzo, akatundika na kibao: KWETU MLIMANI. Kwetu! Nilipomuuliza kwenu tangu lini, akanifungulia tena ile sauti yako huku akinichekea kwa yale meno yake meupe.

Kila Jumamosi wanakuja, pikipiki na yale magari yenye matairi makubwa, wanapanda moja kwa moja juu ya chemchemi. Eti mteremko wa pale umenoga. Nyasi zimekwisha, na mvua ya juzi imeteremsha udongo wote majini. Ninaita chemchemi kwa mazoea tu, siku hizi ni uji. Kitalu changu cha miche kinakunywa pale, na mimi na mama tunakula kwa kitalu hicho. Miche ya mbele imeshaanza kukauka.

Usidhani niliwavaa bila kuwasikiliza. Niliwafuata kwa uso mkunjufu, nikauliza wanatafuta nini huku. Fundi umeme mmoja, mnene mwenye adabu zake, alinijibu kwamba wiki nzima anafokewa kazini, ila akiwa juu ya pikipiki hakuna wa kumtuma. Huyo nilimwelewa, nisiseme uongo.

Lakini daktari wako! Anasema wanakuja kutafuta utulivu. Mama amejiziba masikio kwa mto, wao wanatafuta utulivu! Anasema hakuna wanaopenda mazingira kama wao, hawaachi hata chupa. Kweli, chupa wanaokota zote, mlima ndio wanaouacha vipande vipande. Nilimpeleka hadi kwenye maji ayaone, akasema yatajisafisha yenyewe. Nikamuuliza kama wagonjwa wake nao huwaambia jino litajiziba lenyewe. Akacheka, akavaa kofia yake, akawasha pikipiki.

Niliziba njia kwa miba, wakachonga nyingine pembeni. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akanikumbusha kwamba baba alikugawia wewe eneo la juu, kwa hiyo mwenye ruhusa ya kuwafukuza ni wewe. Yaani mimi ninayeamka hapa na kulala hapa sina kauli, wewe unayebonyeza simu kwenye kochi ndiye mwenye mlima! Hujakanyaga hapa tangu tumzike baba. Nimekukasirikia, na sikufichi.

Mama anakutetea, eti hukujua. Sasa unajua. Mtumie rafiki yako sauti nyingine, fupi, umwambie atoe kibao chake na asirudi tena. Usizungushe maneno, na usimwombe samahani. Samahani ikikuzidi, ilete huku.

Msalimie sana wifi, na wanao uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde, akupe afya, akupe na haya kidogo.

Mama naye anakusalimu. Amesema kama hutawakataza, Jumamosi nimbebe nikamketishe katikati ya njia yao. Nimemkatalia, naye ameninunia tangu asubuhi, na unamjua akinuna. Kwa hiyo nitambeba, nami nitakaa chini karibu naye. Wakifika na mashine zao, daktari akupigie simu tena akuombe kupita.

Ni mimi, nikupendaye hata nikiwa hivi,
Dada yako