Rimoti Msiitafute

Mkwe wangu na wajukuu,

Nimekwenda kwa dada yangu, nalala huko. Maharage yako jikoni, yapasheni.

Leo asubuhi mama yenu alibeba begi la kitindamimba kwenda kazini, na kitindamimba akaenda shule na mkoba wa mama. Nilicheka mpaka nikamwona mama yenu anarudi mbio, analia, kachelewa tena.

Basi kuanzia leo jioni, mabegi na sare viwe tayari kabla ya kula, kila mtu na chake. Vyombo ataosha mkwe wangu. Kwa heshima zote, mikono anayo, nimeihesabu. Mama akiingia, asiitwe na mtu kwa ~~robo saa~~ nusu saa. Avue viatu, anywe chai ikiwa bado ya moto.

Rimoti msiitafute. Nimeondoka nayo.

Bibi, mama yake mama yenu