Machicha ya Amoding' na Udongo Uliochoka

Jumatatu, 10 Januari 1955

Nimemwagilia kabla ya jua. Mikebe mia mbili, ndoo kumi na nne kutoka bombani. Miche kumi na mmoja imelala tena. Shingo nyembamba, nyeusi, imekatika pale inapogusa udongo. Nimeing'oa, nimeitupa. Nimechoka kuzika mipapai.

Misi Heleni, mkuu wa misheni, amekuja baada ya sala. Ametazama kitalu chote, halafu akasema. Lori la kutuletea udongo mpya kutoka Petta haliji mwaka huu. Nitumie huu huu wa zamani. Hadi Pasaka kukiwa hakuna miche ya kuwagawia watu, misheni inafunga kitalu. Hakuna kitalu, hakuna mtunza kitalu. Hakuna mtunza kitalu, hakuna chumba cha mtunza kitalu. Hilo la mwisho nimelimalizia mwenyewe.

Nikitoka chumba hiki naenda wapi? Lunyo, kwa shemeji Ouma. Miaka miwili sasa tangu tumzike kaka yake, mume wangu, na desturi yetu mjane hurithiwa. Ametuma salamu mara tatu. Sitaki. Naandika tena: sitaki.

Alhamisi, 13 Januari

Nimechimba lile rundo nyuma ya stoo. Udongo wa misimu mitatu, tunaujaza mikebeni, tunaumwaga, tunaujaza tena. Umepauka kama unga wa muhogo. Nikiufumbata haushikani. Nikiumwagia maji, kwanza unayakataa, halafu unayaachia yote yapite. Hakuna hata mnyoo mmoja. Vumbi linalojidai kuwa udongo.

Lakini nitatoa wapi mwingine? Hapa misheni, chini ya huu mwamba mkubwa, ukipiga jembe unapata changarawe.

Jumamosi, 15 Januari

Nikitoka sokoni nimepita nyuma kwa Amoding', yule Mteso wa Merikit anayeuza malwa, pombe ya wimbi, karibu na landhi wanakokaa wafanyakazi wa reli. Siku zote napita pale nikitazama pembeni, mlokole mwema. Leo nimetazama. Pale anapotupa machicha ya wimbi, wanywaji wakishamaliza kunyonya kwa mirija yao, maboga yameota bila kupandwa na mtu. Majani mapana kama sinia. Nimesimama pale kama mjinga.

Nimeomba debe moja. Amoding' alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Ajambo! Wewe watu ya kanisa, leo nataka machicha?" Amenipa mawili. Moja nimebeba kichwani, nikarudi kuchukua la pili. Watu wameniona. Shauri yao.

Jumatatu, 17 Januari

Nimechanganya. Nusu machicha, nusu udongo. Mikebe hamsini. Nimehamishia humo miche yangu bora, ile iliyokuwa bado na nguvu. Udongo umekuwa mweusi, mzito, maji unayashika. Nimeimba kazini. Mwanangu Ajambo alipotoka shule ameniuliza nimepata nini.

Alhamisi, 20 Januari

Miche yote imekufa. Hamsini.

Nilitia kidole ndani ya mkebe nikakitoa mbio. Moto kama uji. Juu ukungu mweupe, nzi, harufu ya chachu mpaka machozi. Nimeipika hai. Na kuku wa jirani, Mwalimu Yokana wa kanisa, wameingia kupekua mikebe, wanatafuta wimbi. Nimemrushia jogoo ufagio. Nimemkosa. Nimekaa chini nikalia.

Hakuna wa kulaumu. Nilikuwa na miche mibaya mia na kitu na miche mizuri hamsini, nikaua ile mizuri.

Jumapili, 23 Januari

Baada ya ibada wazee wa kanisa wameniita. Mwalimu Yokana ndiye aliyesema. Eti nguo zangu zinanuka pombe. Eti nimeonekana nikitoka kwa Amoding' mara mbili siku moja. Mara mbili, na debe kichwani! Nimewaambia ukweli. Mzee mmoja aliguna. Nani amewahi kusikia mpapai unapewa machicha?

Hasira ilinijaa. Na hofu pia, kwa nini nidanganye hapa. Mlevi hakai misheni. Hapo hata Pasaka nisingeiona.

Misi Heleni aliinuka. Ametoka, akaenda kitaluni na viatu vyake vyeupe vya Jumapili, sisi sote nyuma yake. Ametia mkono kwenye mkebe. Akautoa haraka, akanusa vidole. Akamwambia Mwalimu naye atie. Alitia. Alikunja uso.

Misi alisema hii si ya kunywa. Kisha alinigeukia mimi akasema, na mipapai imekufa. Yote mawili kweli. Machicha yakae nje ya ua. Pasaka haisogezwi.

Jumanne, 25 Januari

Nimerudi kwa Amoding', mchana, njia kuu, kila mtu aone. Amenigombeza kama mtoto. "Machicha ya leo iko na joto, Mama Ajambo. Hata nguruwe nakula, nalewa. Wacha ilale kwanza."

Amenipeleka kwenye maboga, akafukua kwa fimbo. Chini ya machicha ya jana kuna ya mwezi jana, na chini yake ya mwaka jana, nyeusi, laini, haina harufu ya pombe hata kidogo. Maboga yametia mizizi huko chini. Mimi nilitazama majani tu nikakimbilia debe. Haraka yangu. Mama alinisema kwa hiyo haraka tangu niko msichana.

Alhamisi, 27 Januari

Nimejenga rundo nje ya ua. Nyasi kavu chini. Machicha. Samadi kutoka zizi la kaka yake Amoding'. Udongo wa zamani. Majivu kiganja tu, Amoding' amenionya nisizidishe. Maji. Halafu tena kutoka mwanzo, mpaka kifuani. Nimefunika kwa majani ya mgomba. Nimechomeka kijiti kirefu katikati, ndicho kitakachonipa habari. Mikono inanuka. Sijali.

Jumamosi, 5 Februari

Nimegeuza rundo, la chini juu, la nje ndani. Kijiti moto. Hakishikiki.

Jumamosi, 12 Februari

Nimegeuza. Moto bado. Mgongo si wangu tena. Miche ya zamani imekwisha, nimesia mbegu mpya kwenye tuta dogo, kwa mchanga wa mtoni.

Jumanne, 15 Februari

Shemeji amekuja. Amekaa kwenye kiti changu kimoja, amekula ugali wa wimbi, ameusifu. Amesema nyumba yangu Lunyo imeezekwa upya. Amesema atakuja na baiskeli baada ya Pasaka kuchukua mizigo. Hakuuliza. Alisema tu, kwa upole, kama mtu anayetaja siku ya soko.

Si mtu mbaya. Alichimba kaburi la kaka yake katika mvua, peke yake, wengine walipokimbilia ndani. Hilo ndilo linaniudhi. Angekuwa mbaya ningelala vizuri.

Nilikwenda kutazama kijiti.

Jumamosi, 19 Februari

Moto.

Jumamosi, 26 Februari

Vuguvugu. Miche imetokeza tutani, majani mawili mawili. Inanisubiri mimi, na mimi nasubiri rundo. Leo nusura niseme liwalo na liwe, nijaze mikebe. Nimejifungia ndani mpaka wazo lipite.

Jumamosi, 5 Machi

Kijiti baridi!

Nimefukua. Nyasi sizioni, machicha siyaoni, samadi siioni. Kitu kimoja tu, cheusi, kinavunjika vipande vidogo mkononi. Harufu ya ardhi mvua ikianza kunyesha. Na minyoo, myekundu, mingi. Nimeita Ajambo kuitazama. Alisema, Mama, ni minyoo tu. Ni minyoo tu! Huyu mtoto hajui kitu.

Jumatano, 9 Machi

Fungu moja la mboji, mafungu mawili ya udongo wa zamani. Nimefumbata: umeshikana. Nimegusa kwa kidole: umevunjika. Vizuri. Lakini nimejaza mikebe kumi tu, miche kumi. Naogopa.

Jumamosi, 12 Machi

Kumi hai. Imesimama. Nimejaza yote iliyobaki, kutwa, bila chakula. Mia mbili kasoro sita.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua tangu juzi. Majani manne. Shina lina rangi ya zambarau na unene wa penseli. Mitatu imekufa, konokono, si udongo. Amoding' amekuja mpaka kwenye ua, hakuingia. Amechungulia juu ya wigo. "Sasa iko mzuri," alisema, akaenda zake. Nilimwambia aingie. Alisema siku nyingine.

Ijumaa Kuu, 8 Aprili

Wiki nzima watu wanakuja. Wa Petta, wa Merikit, mmoja kutoka mbali huko upande wa Kenya. Misi Heleni ameinua mkebe mmoja, ameugeuza, mche umetoka na udongo wake wote, mizizi myeupe imezunguka pande zote. Amenitazama. Kitalu hakifungwi. Ameagiza rundo la pili. Machicha ruhusa, ila kwa toroli, si kichwani.

Mwalimu Yokana amechukua miche minne. Ameuliza kwa sauti ya chini mboji inachukua wiki ngapi. Nimemjibu kwa sauti ya juu.

Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili

Shemeji Ouma amekuja asubuhi na baiskeli, na kamba mpya ya kufungia mizigo.

Sikumkaribisha kiti. Nilimwambia tukiwa tumesimama, ili nisipoe. Shemeji, sirudi. Kazi ninayo, chumba ninacho, Ajambo yuko shule. Kaka yako nilimpenda, na wewe nakuheshimu, na sirudi. Maneno yote yalitoka.

Alitazama mwamba kwa muda mrefu. Nilingoja atukane. Nilingoja ataje ukoo. Aliuliza tu, "Nyumbani niwaambie nini?" Nilisema waambie hivyo hivyo. Alizungusha ile kamba mkononi. Alikuwa na aibu, nikamwonea huruma, nikajizuia nisiseme zaidi.

Halafu alisogea kwenye mikebe. Aliinama, akagusa jani moja. Akaomba miche.

Nimempa mitano. Nimemweleza mpapai haujulikani dume au jike mpaka utoe maua, kwa hiyo aipande yote. Nimemweleza jinsi ya kuchimba shimo. Tumeifunga pamoja kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, yeye anashika, mimi nafunga kwa ile kamba yake. Hakuipanda baiskeli. Aliisukuma, taratibu, majani yasivunjike, njia yote ya Busia, mpaka Lunyo.

Nimerudi chumbani. Nimetandika kitanda, nimefungua dirisha. Nje mvua nyepesi. Leo hakuna haja ya kumwagilia.