Mguu wa Kushoto wa Manyama

Kibara, Bunda

Kwako Dada Perpetua,

Natangaza kwa heshima zote, ndugu, jamaa na marafiki popote walipo wapate kusikia, kwamba jino langu la mbele, lililoitumikia familia hii kwa uaminifu tangu ujana, halipo tena. Lilitutoka ghafla likiwa kazini, likitafuna muwa. Maziko yalifanyika papo hapo nyuma ya banda la kuku. Marehemu ameacha pengo.

Wifi yako amenisikia nikiisoma sehemu hiyo kwa sauti, akasema si vizuri kutania msiba katika nyumba yenye msiba. Nimemjibu kwamba Dada ananijua. Tangu utoto, nikitaka kulia huanza kwa kuchekesha watu.

Hujambo huko Kasulu? Kifua chako kimetulia, au bado unakohoa na kusingizia moshi wa kuni? Sisi afya ipo. Nyangeta mke wangu amepungua mwili, lakini anakula. Sipora binti yangu yuko darasa la sita na ananisahihisha Kiswahili. Eti nasema "nilikuwaga" kama watu wa ziwani. Nimemwambia mtu akikaa miaka mingi kwa wenyeji, ulimi nao hupata uraia.

Huku vitu vimerudi madukani. Unakumbuka enzi za uhaba nilivyokuwa nanyoosha misumari mikuukuu juu ya jiwe, mtumbwi mmoja naujenga mpaka mwenyewe anaacha kuulizia? Sasa ni ruksa. Misumari ipo, sabuni ipo, mitumba inamwagwa chini sokoni watu wanachagua. Magari ya barafu yanakuja mpaka ufukweni kuchukua sangara, huyo samaki unayesema ni mkubwa kama ndama na hana ladha mbele ya mgebuka wako. Kilichoadimika sasa ni subira.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule bwana wa mawese. Nimeisoma, nikaikunja, nikakaa nayo. Unasema alikupa habari kwamba mimi na Manyama tumeoshana miguu kanisani, kwamba nimemsamehe mbele ya watu wote, na kwamba wewe umeisimulia Jumuiya yenu nzima, mama mmoja akalia. Unasema mnaniombea kama mfano.

Ngoja kwanza nimalize salamu, maana nikianza hilo sitarudi. Msalimie shemeji, mwambie randa aliyoniazima bado ni nzima na bado ni yake. Msalimie kaka yetu Zakaria fundi cherehani, na mwanao mwalimu, na bibi mzaa mama kama bado anasikia. Yule mama aliyelia, msalimie yeye zaidi ya wote, kisha msomee haya yanayofuata.

Wakati wa msiba wa Yoeli treni ilikukwamisha Tabora usifike, kwa hiyo mengi umeyapata vipandevipande. Mtumbwi ule uliozama ulikuwa wa Manyama. Aliniletea niuzibe. Kazi yetu iko hivi: ukishashindilia pamba kwenye mishono ya mbao, unaujaza mtumbwi maji na kuuacha ukingoni, mbao zinywe, zivimbe, zibanane zenyewe. Hakuna nyundo inayoweza kazi hiyo. Nilimwambia Manyama auache mpaka nimkabidhi. Alasiri moja gari la barafu likafika, mtumbwi wake mwingine ulikuwa umeshatoka, akaumwaga maji huu wangu na kuwapa vijana wake waende kutega. Yoeli wangu alikuwa mmoja wao. Alijua haujawa tayari, mmoja wa wenzake waliopona ameniambia. Alisema, "Baba bado hajaukabidhi." Lakini huku mwenye mtumbwi anaitwa tajiri, na mvuvi habishani na tajiri. Upepo ukaja, mshono ukaachia. Wenzake walishika ubao wakafika nchi kavu. Mwanangu ziwa lilimrudisha upande wa Suguti.

Manyama alikuja matangani na ng'ombe. Alikaa nje kwenye jua, akanishika mkono akasema, "Fundi, ni mapenzi ya Mungu." Moyoni nilisema, si Mungu aliyekuja ukingoni kuumwaga maji ule mtumbwi.

Tangu siku ile sikuikaribia Meza ya Bwana. Kusali nilisali, na Dada, nisingesali ningeshachanganyikiwa. Asubuhi nikiamka mkono wangu unatafuta mtu wa kunishikia ubao upande wa pili, na ni Mungu peke yake ninayeweza kumweleza jambo kama hilo bila kuonewa huruma. Ila tukiisali Sala ya Bwana hapa nyumbani, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nilikuwa napatwa na kikohozi. Nyangeta alinisikia mara nyingi. Hakunikemea, maana yeye mwenyewe pale alikuwa anainama kufunga kamba ya kiatu, na wifi yako hana kiatu cha kamba.

Sasa, kwenu Padre huosha miguu ya watu wachache siku ile ya Alhamisi Kuu, mambo yakaisha. Kwetu huku hakuna mteremko huo. Kabla ya kula mkate, kila mmoja anamwosha mwenzake, wanaume upande wao, wanawake upande wao, kisha mnakumbatiana na kutakiana amani. Na humchagui mtu. Ni yule aliyekaa jirani nawe kwenye benchi.

Nilikwenda kwa sababu Sipora alikuwa anaimba kwaya. Nia yangu ilikuwa nimsikilize, na mabeseni yakianza kutolewa nitoke. Kwa hiyo nilikaa benchi la mwisho, karibu kabisa na mlango. Kanisa lilijaa, nikawa nimeinamisha kichwa, mtu akaketi pembeni yangu akihema. Nilipoinua macho ni Manyama. Naye alikuwa amekuja kukaa mlangoni ili asikutane na mimi.

Mzee Magesa, mzee wetu wa kanisa, akafika na beseni na taulo. Akatuangalia wote wawili.

"Fundi, mbona umekaa mlangoni kama mdaiwa?"

"Nafuata upepo, Mzee."

"Upepo utakupata hapahapa," akasema, akaweka beseni chini kati yetu, akaenda zake.

Wengine walishaanza kuinama. Manyama akanong'ona, "Fundi, wewe toka tu. Mzee akiuliza nitamwambia tulishaoshana."

"Kanisani unataka tudanganye?"

"Nimeshafanya baya kuliko hilo."

Ndivyo alivyosema, Dada, akiangalia maji. Nilikuwa nimeshainuka nusu. Nikajifunga taulo, lakini usiniwekee Roho Mtakatifu hapo. Nilijifunga kwa sababu nilikuwa nimeshasimama na watu walikuwa wananiona.

Mguu wa kulia niliuosha kama ninavyoosha ubao, bila kufikiri, nikaukausha. Akaweka wa kushoto. Mkono wangu ukakataa. Nilibaki nimepiga magoti, nimeushika mguu wa mtu ndani ya maji, siuoshi na siuachii. Wimbo ukaisha. Nadhani mchungaji alituona, maana aliuanzisha upya.

Nikamwambia, "Nilikuambia uuache mbao zinywe maji."

"Uliniambia."

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia vizuri. Gari lilikuwa limeshafika." Kisha akasema, "Yoeli naye aliniambia. Nikamcheka. Nikamwambia wewe na baba yako mna woga wa kike."

Hilo sikuwa nalijua. Nilitaka kuuvunja ule mguu. Nakuandikia hivyohivyo, na mama wa Jumuiya asomewe hivyohivyo. Niliukamata kwa nguvu mpaka akakunja uso, na hakuuvuta. Angeuvuta, sijui ningefanya nini. Aliuacha tu mikononi mwangu, mtu mzima, machozi yanadondokea kwenye goti la suruali yake ya kanisani. Safari hii hakusema ni mapenzi ya Mungu.

Na mimi nikalia, kwa sauti, kile kilio cha matangani ambacho matangani kwenyewe kilinikataa. Nikiwa nalia hivyo nikaona mkono wangu unasugua kisigino chake. Sikuuamuru. Niliuosha mguu wa kushoto wa Manyama mpaka mwisho, nikaukausha, hata katikati ya vidole.

Akaniosha na mimi. Maji mengi yalimwagika sakafuni. Ulipofika wakati wa kukumbatiana hatukuweza. Tulishikana mikono na hakuna aliyetamka neno amani. Neno "nimekusamehe" halikutoka, Dada. Mkate niliula, kwa sababu nilikuwa na njaa nao muda mrefu.

Nyumbani Nyangeta alisonga ugali, akatenga. Ndipo akauliza, "Watu wanasema umemsamehe."

"Nimemwosha."

"Miguu yote?"

"Yote."

Akanawa, akashika tonge, akalirudisha. "Mimi nilimwona mke wake amekaa benchi la nyuma yangu," akasema. "Nikahama. Nilikwenda kukaa katikati ya wasichana, nikaoshwa na mtoto wa watu ambaye hajui hata kwa nini nalia."

Nilimwambia si kitu. Akasema ni kitu. Akasema, "Yule mama naye alimpendaga Yoeli. Alikuwa anamwekeaga uji." Tukalia pale, mimi na yeye, mara ya kwanza pamoja tangu tumzike mtoto, na Sipora akaja akatuketia katikati.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Waambie Jumuiya wasiniombee kama mfano. Waniombee kama mtu aliyeosha na bado hajasema. Na wifi yako wamwombee zaidi. Leo amechemsha uji, akaufunika, akautazama muda mrefu, kisha akajitanda khanga na kuubeba kwenda kwa Manyama. Mpaka naandika hapa hajarudi, na mimi nimekaa mlangoni namsubiri.

Mdogo wako,
Elia